Kazi ya Kabla ya Mimba: Ugonjwa wa Sukari na Mtoto Aliye Tumboni

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama wa genge la njia mbele ya wafanyakazi wa reli na jamaa zao, Nyanchwa, Kisii)



Nashukuru sana kupewa nafasi hii. Mimi si daktari wala mwalimu. Elimu yangu ni ya shule ya msingi ya misheni, na kazi yangu ni ya genge: kokoto, mataruma na reli. Mnajua kwamba Kisii yetu hii haikupata reli hata siku moja. Njia ya reli ilifika Kisumu, kando ya ziwa, mwaka 1901, na sisi Wakisii tukawa watu wa kuifuata huko huko. Ndiyo maana wengi wetu tulioketi hapa tumekuja nyumbani kwa likizo tu, na bibi zetu hukaa peke yao miezi mingi. Jambo nitakalosema leo linahusu hiyo miezi.

Katibu alinitaka niseme habari za malipo ya saa za ziada. Nilimwomba ruhusa niyaache hayo kwa mkutano mwingine, naye alikubali aliposikia sababu. Sababu yenyewe ni hii.

Bibi yangu ana ugonjwa wa sukari, ule wa kudunga sindano ya insulini kila siku. Nilimwoa nikijua. Mwaka wa kwanza wa ndoa alipata mimba, nami nilikuwa mbali kwenye genge. Kwetu mimba haitangazwi mapema, basi alinyamaza, hata mimi akaniambia mwezi wa tatu umekwisha. Alikwenda kliniki mwezi wa tano. Wakati huo wote sukari yake ilikuwa juu, kwa maana vile vipande vya kupimia damu ni ghali, nami nilikuwa nimemwandikia kwamba apime mara moja kwa wiki, inatosha. Maneno hayo ni yangu mwenyewe, wala simsingizii mtu.

Mtoto alizaliwa mvulana mzuri wa uso, lakini moyo wake haukuumbika sawasawa. Aliishi siku tisa. Baada ya maziko maneno yakaanza. Wengine walisema bibi yangu alikula vibaya. Wengine walitaja jina la mama mmoja mzee jirani yetu, kwamba aliwahi kumtazama tumbo. Nami, ndugu zangu, naona haya kusema, siku kadhaa nilisadiki.

Ndugu zangu, katika Kisii neno kama hilo si mchezo. Mwezi wa Mei mwaka 2008 watu 11 walichomwa moto wilayani humu wakidaiwa kuwa wachawi, na mwezi wa Oktoba mwaka 2021 akina mama wanne wazee waliuawa kwa madai hayo hayo huko Marani. Sisemi mauaji hayo yalitokana na mimba. Nasema kwamba huanza na mnong'ono kama ule wa nyumbani kwangu, pale ambapo watu wana msiba na hawana maelezo. Basi leo nataka niwape maelezo niliyopewa mimi na daktari aliyekuwa na saburi, na mengine niliyojifunza baadaye kwa kuuliza na kusoma.

Tuanze na sukari yenyewe. Chakula tulacho, hasa ugali, ndizi, viazi na chai yetu tamu, hugeuka kuwa sukari katika damu. Sukari hiyo ni kama makaa ya mawe kwa injini za zamani. Bila hiyo mwili hauendi. Lakini ili iingie katika viungo, yatakiwa insulini, ambayo hutoka katika kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo. Kwa wengine kongosho huacha kabisa kuitoa, na kwa wengine mwili huwa mgumu kuitii. Hapo sukari hujaa katika damu. Zamani mtu asiyekuwa na insulini kabisa alikuwa hana maisha marefu. Mwaka 1921, huko Toronto katika nchi ya Kanada, Frederick Banting na Charles Best walipata njia ya kuitoa insulini katika kongosho za wanyama, na mwezi wa Januari mwaka 1922 mtu wa kwanza kudungwa alikuwa kijana wa miaka 14. Tangu hapo wasichana wenye ugonjwa huu wamekua, wameolewa na wamezaa. Ndipo madaktari walipoona kwamba mama anapona, lakini watoto wenye kasoro ni wengi kupita kawaida.

Sababu iko wapi? Iko katika siku za kwanza kabisa. Hapa naomba mnisikilize kwa makini.

Mimba ikiingia, mtoto ni chembe moja tu, ndogo kuliko punje ya wimbi. Chembe hiyo hugawanyika, ikawa mbili, nne, nane, na kwa muda wa kama wiki moja hujishikiza katika mji wa mimba. Katika wiki ya tatu chembe hizo hujipanga kama mkeka mdogo, kisha katikati ya mkeka hutokea mfereji, na kingo zake hukunjwa zikutane na kuwa mrija. Mrija huo ndio utakaokuwa ubongo juu na uti wa mgongo chini. Upande wa kichwa hufungwa siku ya 25 hivi, na upande wa chini siku ya 28 hivi. Usipofungwa juu, mtoto hukosa sehemu ya ubongo na hawezi kuishi. Usipofungwa chini, huzaliwa na mgongo wazi. Moyo nao huanza kupiga kama siku ya 22, ungali bomba dogo, kisha hujikunja na kujigawa vyumba katika wiki zinazofuata. Kufikia mwisho wa wiki ya nane viungo vyote vikubwa vimekwisha kuwekewa msingi. Kazi iliyobaki ni kukua.

Sasa hesabuni pamoja nami. Mama hukosa siku zake kama wiki mbili baada ya mimba kuingia. Hata akijua siku ile ile, zimebaki wiki mbili tu mrija ule ufungwe. Tena hesabu ya hospitali huanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa hiyo daktari akisema mimba ina wiki sita, mtoto mwenyewe ana wiki nne, na mrija umekwisha kufungwa au umekataa kufungwa. Sisi huwapeleka bibi zetu kliniki mwezi wa nne au wa tano. Sisi watu wa genge twajua maana yake. Ukiitwa kupanga kokoto baada ya reli kufungwa na gari kupita, umeitwa kwa kazi nyingine, kazi ya msingi haikungoji.

Mtauliza, sukari ya mama humfikiaje mtoto? Sukari huvuka kutoka damu ya mama mpaka kwa mtoto, lakini insulini ya mama haivuki. Naye mtoto katika wiki hizo za kwanza hana insulini yake. Kongosho lake huanza kuitoa kama mwezi wa tatu. Basi sukari ya mama ikiwa nyingi, mtoto huipokea nyingi, wala hana pa kuikimbilia. Wenye elimu wamechunguza jambo hili kwa panya. Mama mmoja mtaalamu, Mary Loeken, wa taasisi ya Joslin huko Boston, Marekani, ameonyesha pamoja na wenzake kwamba sukari nyingi huzalisha katika chembe za mtoto vitu vikali vya oksijeni vinavyounguza, kama kutu inavyokula chuma. Kuna jeni moja iitwayo Pax3, ambayo kazi yake ni kuhakikisha mrija ule unafungwa. Sukari ikizidi, jeni hiyo hunyamazishwa, na chembe za kingo za mfereji hufa kabla hazijakutana. Vivyo hivyo huharibika zile chembe ambazo zingesafiri kwenda kujenga sehemu za moyo. Na hapo ndipo nilipofahamu habari za mwanangu. Moyo wake uliharibika mimi nikiwa sijajua kama yuko. Wala jirani hakuutazama.

Ni hatari kiasi gani? Kati ya watoto 100 wa akina mama wote, kama 2 au 3 huzaliwa na kasoro kubwa, hata pasipo ugonjwa wowote. Mwaka 1981 madaktari wa Boston walitoa hesabu ya akina mama wenye sukari. Walitumia kipimo cha damu ambacho huonyesha jinsi sukari ilivyokuwa kwa muda wa kama miezi mitatu iliyopita, kwa kuwa sukari hujishikiza katika chembe nyekundu za damu, nazo huishi kama siku 120. Akina mama ambao mwanzo wa mimba kipimo hicho hakikuzidi asilimia 8.5, watoto 3 hivi kati ya 100 walikuwa na kasoro kubwa. Wale waliozidi hapo, watoto 22 kati ya 100.

Tena mwaka 1983 wakatoa hesabu yao madaktari wa Karlsburg, katika nchi iliyokuwa Ujerumani ya Mashariki. Wao waliwaita wanawake wenye kudunga insulini waje kabla ya kushika mimba, wakawafundisha kupima na kuirekebisha sukari mpaka ikatulia, ndipo wakawaambia sasa shikeni mimba. Kwa hao waliotangulia kujitayarisha, watoto walikuwa 128, na mwenye kasoro alikuwa 1. Kwa wale waliokuja baada ya wiki ya nane, watoto walikuwa 292, na wenye kasoro walikuwa 22. Ugonjwa ulikuwa ule ule, na hospitali ile ile. Kilichotofautiana ni siku ya kuanza kazi.

Ndugu zangu, hesabu hiyo ya Karlsburg ndiyo iliyonifanya nisimame hapa. Yaonyesha kwamba ugonjwa huu haumkatazi mama kuzaa. Wamtaka aanze mapema.

Sasa yafanyike nini? Nitasema yale tuliyoambiwa na kuyafanya, lakini kila mtu amwone daktari wake, kwa maana miili si sawa.

La kwanza, mama mwenye sukari asishike mimba kwa bahati nasibu. Yeye na mumewe wapange, watumie njia ya uzazi wa mpango mpaka sukari itulie. Madaktari wengi hutaka kile kipimo cha miezi mitatu kiwe chini ya asilimia 6.5, kama yawezekana bila sukari kushuka mno. Kikiwa kimepita asilimia 10 hushauri mama asubiri kwanza. Lakini hata akishindwa kufika hapo chini, kila hatua anayoshuka humpunguzia mtoto hatari. Asikate tamaa.

La pili, vidonge vya asidi ya foliki. Hivi husaidia mrija ule kufungwa. Kwa kuwa hatari yake ni kubwa zaidi, mama mwenye sukari mara nyingi huandikiwa kipimo kikubwa, miligramu 5 kwa siku, kuanzia kabla ya mimba mpaka wiki ya 12. Akina mama wengine hutumia kidogo zaidi. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya yataka unga wa mahindi na wa ngano wa pakiti utiwe foliki. Lakini wengi wetu hula mahindi ya shamba yaliyosagwa katika kinu cha posho, ambayo hayakutiwa kitu. Saga na managu yetu yana foliki yake, tuyale, lakini mboga hazitoshi kuwa badala ya vidonge.

La tatu, dawa nyingine. Zipo dawa za presha na za kupunguza mafuta ya damu ambazo hazifai wakati wa mimba. Mama amwulize daktari abadilishiwe mapema. Asiache dawa yoyote kwa shauri la sokoni, na insulini asiiache kabisa. Mama aliyeiacha kwa kuogopa kwamba itamdhuru mtoto amejitia hatarini yeye na mtoto, kwa maana nimekwisha kusema, insulini haivuki kwenda kwa mtoto.

La nne, chakula. Nimesikia hapa kwetu kwamba ugali wa wimbi hauna sukari. Wimbi ni chakula chema, lakini nao ni wanga, na wanga huwa sukari. Ajuaye ni kile chombo cha kupimia damu. Kula kiasi, pima, uone. Mwenye kudunga insulini awe na kitu kitamu karibu, kwa maana sukari yaweza kushuka ghafula akazimia, na watu wa nyumbani wafundishwe la kufanya.

Hapa nieleze neno moja, tusichanganye mambo. Yupo mama ambaye hana sukari, lakini hupata sukari mimba ikiwa kubwa, na hupimwa kati ya wiki ya 24 na ya 28. Wakati huo viungo vya mtoto vimekwisha kuumbika, kwa hiyo sukari hiyo kwa kawaida haileti kasoro za moyo au mgongo. Yaweza kumfanya mtoto awe mkubwa mno akawa na shida ya kuzaliwa, basi nayo yatakiwa itunzwe. Baada ya kuzaa mama huyo apimwe tena, na apimwe kila mwaka au kila miaka michache, kwa maana wengi wao baadaye hupata sukari ya kudumu. Akiipata bila kujua, mimba itakayofuata itaanza katika damu yenye sukari. Tena wapo wengi wenye sukari wasiojijua. Mama aliyezaa mtoto mzito sana, au aliyepoteza mimba mara kwa mara, au ambaye wazazi wake wana sukari, yafaa apimwe kabla hajafikiri mtoto mwingine.

Sasa nageukia sisi wanaume. Nilikwisha kuwaambia kwamba niliona vipande vya kupimia damu ni ghali. Mwezi ule ule nilinunua redio. Mama hawezi kuituliza sukari peke yake ikiwa mshahara uko Kisumu na yeye yuko Nyanchwa. Baada ya msiba tulikaa, tukafanya hesabu, nikawa natuma fedha za vipande kwanza, ndipo za mengine. Jokofu hatuna, kwa hiyo insulini tuliihifadhi katika chungu kidogo kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa chenye mchanga wa maji, mahali penye kivuli. Ilituchukua miezi minane mpaka daktari akasema sawa. Msichana wetu ana miaka minne, ndiye yule anayekimbia huko nyuma na kuwasumbua. Sisemi kwamba kila atakayefanya hivi atapata mtoto mzima, kwa maana mengine yako nje ya mikono yetu. Wala sisemi kwamba aliyempoteza mtoto ana hatia. Bibi yangu hakuwa na hatia. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Mwisho nina maombi kwa chama. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 humpa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu, na baba wiki mbili. Ni haki njema, tuilinde. Lakini kazi niliyoieleza leo huja kabla ya mimba, na kliniki ya sukari huchukua siku nzima. Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Chama kizungumze na wakubwa wa kazi ili mfanyakazi mwanamke mwenye sukari, au mume wa mama mwenye sukari, apewe ruhusa ya siku ya kliniki bila kukatwa mshahara. Matawi yetu yanunue chombo cha kupimia sukari, ili mwanachama na bibi yake wapimwe siku ya mkutano kama huu, na atakayeonekana iko juu apelekwe hospitali akapimwe vizuri. Na la tatu halina gharama: kila mmoja wetu akirudi nyumbani leo amwulize bibi yake, na dada yake, na binti yake aliyekomaa, kama amewahi kupimwa.

Yule mama mzee jirani yangu bado yuko hai. Nilikwenda kwake nikamwomba radhi. Alinipa kiti, akaniambia kwamba yeye naye, alipokuwa kijana, alizika watoto wawili na hakuna aliyemweleza sababu. Kama kati yenu kuna mwenye neno la namna hiyo moyoni, baada ya mkutano nitakuwa hapa chini ya mti mpaka jioni.